Kiti cha Nyuma

Kwanza niliona zulia. Lilikuwa limekunjwa pembeni ya sebule, na mahali pake pamewekwa kiti cha nyuma cha gari, mikanda ikining'inia.

"Kochi jipya hilo," kaka akasema, anafuta grisi mikononi. "Mama, hebu kaa ujaribu."

Mama akakaa taratibu, mguu wenye kidonda ukitangulia. "Haya dereva, twende!"

Tukacheka wote.

Gari lile marehemu baba alimwachia mama. Kila Jumatatu kaka alimpeleka zahanati kuoshwa kidonda, mama ameunyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma maana mbele haukuenea, mimi nimeushikilia usigongwe. Lakini kaka ni fundi, na mashindano ya magari yalikuwa yanakaribia. Alifunga tabo ya kusukuma hewa kwenye injini, akabadilisha ekzosi. Akiwasha, vikombe vinatetemeka kabatini. Wenzake gereji wakambandika jina, Farasi.

"Injini nimeshaikamua yote," aliniambia. "Sasa natoa uzito. Kila kilo ninayotoa ni sawa na kuongeza nguvu."

"Na mama atakaa wapi?"

"We naye! Mashindano yakiisha nakirudisha. Au unataka nishindwe na watoto wa juzi?"

Mimi ni mtu wa kunyamaza.

Jumatatu mama alikwenda kwa miguu, ameniegemea begani. Jumatatu iliyofuata tulifika kwenye kona tu, akasema turudi. Kaka akatupita anajaribu gari, akapiga honi, watoto wa mtaani wakashangilia. Jumatatu ya tatu mama hakuinuka kabisa, kidonda kimeanza kunuka.

Kaka alishinda. Alikuja na kombe lake hospitali, akaliweka kwenye kimeza kando ya kitanda. Mama alikuwa ameshakatwa mguu, chini ya goti. Akalitazama kombe, akatazama pale shuka ilipolala bapa.

"Baba, na mimi nimepungua," akamwambia kaka. "Sasa utanipakia?"

"Mama bwana, kwa utani!" Kaka akacheka peke yake, akachukua funguo zake, akatoka.

Kiti bado kipo sebuleni. Wageni wanakikalia wakimsifu Farasi, mimi nawamiminia chai nikiwa nimeinamisha kichwa. Wanasema nina adabu.

Kaka, ule uzito ulioutoa garini ulikuwa mama yetu.