Seti Iliyotoka Jasho

Tangu aolewe, Latifa hakuwahi kumkatalia mama mkwe wake neno. Akitumwa huenda, akisemwa huinama. Haya, sikia yaliyomkuta siku ya mtihani.

Ulikuwa mtihani wa mwisho wa kozi ya kutakasa vifaa vya upasuaji. Mwaka mzima alifundishwa kuosha mikasi na makoleo, kuyakagua, kuyafunga kwenye vitambaa, kuyapika kwa mvuke na kuyatunza. Hospitali ilishamwambia: ukipata cheti, kazi ni yako, ukikosa, tunamchukua mwenye nacho. Mtahini, Mzee Nassoro, alipanda kutoka Tanga, akakaa kwenye kona na koti lake zito. Hasemi. Anaangalia mikono tu.

Kuna kitendawili: bibi yangu hafoki mpaka umfungie mlango. Ndiyo otokilevu hiyo, lile pipa la chuma linalopika vifaa. Asubuhi ile ilifoka vizuri, ikanyamaza vizuri. Latifa akaifungua, akatoa seti ya upasuaji wa uzazi, imefungwa kitambaa cha kijani, utepe wake umegeuka mweusi kuonyesha kwamba mvuke umeufikia. Chanja ya waya ya kupozea ilikuwa imejaa mafurushi ya nguo. Basi akaitua seti juu ya meza ya chuma, kidogo tu, apate kupanga chanja.

Kidogo tu! Na baridi ya Lushoto ya mwezi wa sita, ukungu umelala mpaka kwenye vizingiti, chuma unakigusa kinakuuma.

Dirisha la kutolea vifaa likagongwa. Alikuwa Sista Zainabu, mkuu wa chumba cha upasuaji. Na Sista Zainabu ndiye aliyemzaa mume wa Latifa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Seti ya uzazi iko wapi? Yule mama wa Mlola yuko mezani, daktari ameshanawa mikono. Lete."

Latifa akaiinua seti. Juu ya meza palibaki alama ya maji, kama ya kikombe cha chai. Chini ya seti kitambaa kilikuwa na baka la kijani kilichokoza. Ukiulizwa maji gani hayatekwi wala hayamwagwi, utajibu umande. Huo umande ndio uliokuwa mikononi mwake. Na kitambaa kikilowa, vijidudu hupenya humo kama siafu kwenye ufa.

"Mbona umeganda? Nyumbani mbiombio, hapa umekuwa kinyonga?"

"Mama, naomba..."

Sista Zainabu akamwona mzee wa kwenye kona. Akashusha sauti, akahamia Kishambaa, kile cha jikoni: utepe ni mweusi, nauona nikiwa hapa, usiniaibishe mbele ya mgeni, lete, mwanangu.

Baka lilikuwa chini, hakuna aliyeliona. Latifa angejibu kwa Kishambaa, polepole, mambo yangeisha baina yao wawili na yule Mtanga asiambulie neno. Lakini kwa Kishambaa hakuwa na neno la kumkatalia mkwe. Hakuwahi kulihitaji.

Akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika chumba kizima.

"Mama, seti hii siitoi. Imelowa chini. Niliiweka mwenyewe kwenye chuma cha baridi ikiwa ya moto."

Mkwe anakusemesha lugha ya nyumbani, wewe unamjibu nyingine! Ni kama kumfungia mlango usoni. Mzee Nassoro akasimama.

"Unasema nini?" Sasa Sista Zainabu naye alikuwa kwenye Kiswahili. "Na yule mama tumpasue kwa kucha?"

"Chukua seti kubwa ya tumbo, mama. Ni kavu, imepoa tangu jana. Vya uzazi vyote vimo, na vingine vimezidi."

"Hiyo ni ya ajali!"

"Najua, mama. Nyingine nitaiandaa sasa hivi."

Akamletea. Sista Zainabu akaipapasa pande zote, akaukagua utepe, akamtazama mkwewe kama mtu anayetazama chungu kilichovunjwa, akaondoka nayo.

Mzee Nassoro akaigeuza ile seti yenye baka.

"Hukufundishwa kwamba ya moto haikai kwenye chuma cha baridi?"

"Nilifundishwa."

"Na ukaiweka."

"Nikaiweka."

Mzee akairudisha mezani. "Ungeitoa hii, ningekufelisha kozi nzima palepale. Hukuitoa. Lakini kupoza umefeli. Nilitaka kushuka Mombo mchana. Sasa nalala kwenye baridi yenu hii. Kesho asubuhi unarudia kupoza mbele yangu. Ukiteleza tena, cheti sikupi."

Mchana Latifa alikuwa upande wa kuoshea. Sista Zainabu akatokea na beseni la vifaa vilivyotumika.

"Mtoto wa kike. Mama yake mzima." Hakuachia beseni. "Yule mzee kasemaje?"

"Kesho narudia kupoza, mama. Nikikosea, ndiyo basi."

"Ehee. Basi leo jikoni usikanyage. Kunde nitachemsha mimi. Wewe ukasome, kisha ulale."

Latifa akashtuka. Mkwe ampikie yeye? "Hapana, mama, siwezi kukuacha..."

"Umeshanikatalia mara moja leo," Sista Zainabu akasema, akiliachia beseni. "Inatosha."