Fungu la Elsie

Sisimizi ndio waliomfichua. Walikuwa wakitoka chini ya kitanda cha pembeni na kupanda ukutani kwa mstari mmoja, na mimi, niliyekuwa nimekuja kwenye makao ya watoto mtaani Mowlem kuwapima na kurudi zangu kliniki, nikalifunua godoro. Nikakuta soksi. Ndani ya soksi mlikuwa na ile njugu yangu, dawa tunayowalisha watoto waliokonda kupita kiasi: karanga zilizosagwa zikachanganywa na maziwa, sukari na mafuta. Ilikuwa imekauka na kushika vumbi.

"Lorraine," nikaita.

Alikuja taratibu. Alikuwa na miaka mitano, ila ungemwona ungempa mitatu, na uso ulikuwa wa bibi kizee. Nilikuwa nimefura kweli. Muda wote huo nilikuwa nikimlaumu Mama Rispa, mwenye makao yale ya mayatima, nikidhani wakubwa wanamnyang'anya mtoto chakula chake, au, Mungu anisamehe, kwamba pakiti zangu zinauzwa gengeni. Kumbe mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akijinyima.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Elsie," akasema. "Akirudi atakuwa na njaa."

Nikamtazama Mama Rispa. Mama Rispa akatazama dirisha.

Elsie alikuwa mdogo wake. Walitoka kwenye makao mengine, upande wa Mukuru, yaliyofungwa baada ya majirani kupiga kelele. Huko watoto walikuwa wakishindia uji mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Lorraine alifika kwa Mama Rispa amembeba mwenzake mgongoni, na hakutaka kumteremsha. Miguu ya Elsie ilikuwa imevimba, ukiiminya kwa kidole shimo linabaki. Niliwapa wote wawili njugu kidogo, maana ndivyo tunavyofanya: mtoto lazima ale mbele yetu kwanza, ndipo tukubali atibiwe nyumbani. Lorraine alilamba. Elsie aligeuza uso. Anayeshindwa kula hupelekwa hospitali, basi Elsie akapelekwa, Mama Rispa akilala pembeni yake kule wadini. Hakurudi.

Na Mama Rispa, mwanamke mwenye moyo kuliko wengi ninaowajua, akawaambia watoto kwamba Elsie amekwenda kwa shangazi yake kunenepa.

Tulitoka uani, chini ya kamba za nguo, tukateta kwa sauti ya chini.

"Mtoto haambiwi kifo, Sista Mutheu. Kwetu mtu mzima ndiye anayekibeba."

"Mbona basi anayekonda ni yeye?" nikamjibu. "Kila nikimpima mkono, utepe bado unasoma nyekundu, ile ya hatari. Nikija tena nikaukuta hivyo, nampeleka hospitali. Wadi ile ile. Na akishikwa na homa akiwa hivi, tutamzika."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mama wa watu, akakunja leso yake, akaikunjua.

"Basi mwambie wewe," akasema. "Mimi ndiye niliyemfumba macho yule mdogo. Mdomo wangu hauwezi."

Mimi si mtu wa kubembeleza. Akina mama wa kliniki husema nina ulimi wa pilipili, na hawakosei. Lakini siku ile, kutoka uani hadi chumba cha watoto, nilitembea polepole. Niliogopa. Nilikaa kitandani, nikampakata Lorraine. Alikuwa mwepesi mno, hata nikaona aibu, sijui aibu ya nini.

"Elsie hayuko kwa shangazi," nikamwambia. "Alikufa hospitalini. Tulimzika. Harudi, mama."

Hakulia. Alikuna goti. Nje wenzake walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nao ukigonga mabati, mmoja analalamika kwamba hajaguswa. Kisha akaniuliza:

"Alikuwa amekula?"

Hakuwa amekula. Walimtia mpira wa kulishia puani, na hata maziwa ya mpira ule aliyatapika, yote. Mimi nilielezwa tu. Mama Rispa, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliyaona kwa macho yake. Na ndio kwanza nilikuwa nimetoka kumkaripia kwa ajili ya uongo.

"Alikula," nikasema. "Alikula akashiba."

Mama Rispa alijifunika uso kwa leso, akaondoka.

Siku hizi Lorraine yuko gredi ya pili. Ana mashavu, ana maneno mengi, na mtu akinisifu kwa kazi niliyoifanya pale namwambia ni dawa tu, ni njugu, tubadilishe mada. Sipendi kuisimulia siku ile. Baada ya kumdanganya, nilimkatia pakiti mpya, nikamwekea mkononi, naye akaishika bila kuigusa kwa mdomo, akinitazama.

"Yote ni yangu?"

"Yote."

Akaanza kula. Nimewaona watoto wengi wakila baada ya kukataa, na kila mara huwa nafurahi hadi machozi. Siku ile nilitamani kumpokonya, maana uongo wangu ndio uliomfungua mdomo. Alikula bila haraka, akaikamua pakiti toka chini kwenda juu mpaka ikabaki bapa, akaipasua na kulamba ndani. Halafu akaomba maji.