Mche Usio na Kamba

Stroberi ni mmea wa kukutia wazimu. Mimi na wewe tuna nakala mbili za kila kromosomu, moja ya mama na moja ya baba. Yeye amejibebea nane. Kazi yangu ni kuzalisha aina mpya kitaluni, na huko nilioanisha mche wenye matunda matamu lakini laini na mwingine wenye matunda magumu lakini machachu, na watoto wengi wakachukua ulaini wa huyu na uchachu wa yule. Mmoja tu alitoka mtamu na mgumu. Nilimwita Kipenzi, wala sioni haya kusema hivyo.

Shida ilikuwa moja. Mbegu za stroberi huchanga karata upya, hazikurudishii mche ule ule. Ukitaka wa pili aliye sawasawa na mama yake, unangoja atoe vitawi vinavyotambaa, tunavyoviita kamba, kila kimoja na mche mchanga nchani. Kipenzi hakuwa na kamba hata moja.

"Mtamu, sawa," bosi alisema. "Lakini mche mmoja utamfaa nani? Pengine jeni zinazompa matunda mengi ndizo zinazomnyima kamba. Mwezi ukiisha hajatoa, ng'oa."

Nilimjibu vibaya, nikaomba radhi nusunusu, nikarudi kitaluni nimevimba kwa hasira. Mama mkwe alikuwa humo. Tangu astaafu huja asubuhi kutuondolea majani makavu, maana hawezi kukaa bure. Ni mtu wa usafi kupita kiasi. Hata nguo nilizokwisha kukunja huzikunja upya.

"Mbona umenuna, mwanangu?"

"Kipenzi atang'olewa, mama. Hatoi kamba."

"Hatoi?" Alinishangaa. "Mbona mimi nazikata kila nikija? Tena naanza na yeye, maana namwonea huruma. Zinamnyonya nguvu."

Kwenye matuta ya matunda ya kuuza ndivyo tunavyofanya, na kazi alijifunzia huko. Ulimi uliniwasha. Angekuwa mtu mwingine, angenitambua. Lakini huyu ni mama wa mume wangu, nikameza mate na kumwomba asimguse tena.

Akajishika mdomo. "Kumbe nilikuwa namuua?"

"Kwa mapenzi, mama," nikasema, na tukacheka mpaka nikakaa chini.

Kuanzia hapo Kipenzi alifungulia. Kamba zilivuka njia, zikapanda juu ya vyungu vya jirani, zikajisokota ovyo. Mama mkwe aliteseka. Kila akipita pale alifunga mikono nyuma, kama mtoto aliyeonywa asiguse vyombo vya dukani.

Mwezi ulipoisha bosi alikuja, akainama, akainua kamba moja baada ya nyingine.

"Watoto hawa wote ni wake?"

"Wote."

"Na juzi hakuwa na hata mmoja. Umemfanyaje?"

Mama mkwe aliinamisha uso, akaanza kuinyoosha aproni yake ambayo haikuwa na kunjo lolote.

"Mama ndiye anayemwangalia," nikasema. "Muulize yeye."

"Basi hongera, mama," bosi akamwambia. "Mpandeni tuta zima."

Alipotoka, mama mkwe aliiachia aproni yake.

"Ungeweza kunisema," akaniambia.

"Ningeweza," nikamjibu, na nilifurahi kutoka moyoni kwamba sikusema.