Joto la Uwanja wa Ndege

Watu wa mtaani walimwita Bi Bima, na mwanzoni jina hilo lilimpendeza. Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani. Kisha likaja shirika lenye mradi wa kupambana na umaskini, likamchagua awe wakala wake. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiwaeleza wanawake wanaofanya kazi juani, au kwenye vyumba vya mabati, kwamba siku hizi hata joto lina bima. Unachangia kidogo kila mwezi. Joto likipita kiwango, simu inaita, na posho ya siku hiyo inaingia, ili ukae nyumbani upumzike bila watoto kulala njaa.

"Umaskini wetu una miguu miwili," alizoea kusema, kama alivyofundishwa kwenye semina. "Mmoja ni mfuko mtupu, wa pili ni hili jua. Ukiukata mmoja, umaskini unachechemea."

"Ukichechemea si ndiyo utakawia zaidi kuondoka?" muuza maji alimuuliza siku moja, na wanawake waliopanga ndoo zao wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Wa kwanza kujiunga alikuwa wifi yake, dada mdogo wa mumewe. Alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilikuwa mabati juu na mabati ubavuni, na kidirisha kimoja kilichotazamana na ukuta wa jirani. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na pasi mbili za mkaa, moja ikifanya kazi na nyingine ikipata moto. Mashuka ya nyumba ya wageni yalining'inia kwenye kamba kila upande. Alijifunga kitambaa kwenye paji la uso, jasho lisidondokee vyeupe vya watu. Maelezo ya semina hata hakuyasikiliza mpaka mwisho.

"Bima mimi siijui," alisema. "Ninakujua wewe. Niandike."

Mwaka ule joto lilikuja mapema likagoma kuondoka. Mvua iliyotazamiwa haikunyesha. Lami ililainika ikashika ndala, na maji ya bomba yalitoka ya moto kana kwamba mtu ameyachemsha. Kila asubuhi wanawake walimsimamisha Bi Bima njiani.

"Leo je?"

"Bado. Kiwango hakijafika."

"Hicho kiwango chenu wanakipimia wapi, peponi?"

Alicheka nao. Rohoni alianza kuingiwa na wasiwasi, lakini shirika lilikuwa na wataalamu, na yeye nani wa kubishana na wataalamu?

Mchana mmoja alipita kwa wifi yake akamkuta anapiga pasi huku ameegemea meza kwa kiuno. Macho yalikuwa mekundu, na maneno yalimtoka kwa uzito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Wifi, pumzika jamani."

"Simu haijaita."

"Achana na simu. Jitazame ulivyo!"

"Haijaita, maana yake joto ni la kawaida. Si wewe uliyetuambia? Zamani kichwa kikiniuma nilikuwa naacha kazi, nakwenda kukaa kivulini. Sasa naona labda ni uvivu wangu tu." Akatabasamu. "Nenda zako bwana, una nyumba za kupita. Mashuka yanachukuliwa leo."

Bi Bima akaenda. Kweli alikuwa na nyumba za kupita.

Mlinzi wa nyumba ya wageni ndiye aliyemkuta wifi, alipokuja kuchukua mashuka. Alikuwa chini, kati ya meza na ukuta, ngozi inawaka na haina hata tone la jasho. Pasi ilikuwa imetoboa blanketi na inaanza kuchoma mbao. Majirani wakambeba kwa moja ya mashuka yale yale aliyoyanyoosha.

Hospitalini daktari alisema ameponea chupuchupu, ila figo zimeumia, na hatakiwi tena kukaribia moto. Mume wa Bi Bima alisimama kando ya kitanda cha dada yake bila kumtazama mkewe.

"Ulimwambia nini huyu?" aliuliza.

Mgonjwa ndiye aliyejibu, macho kayafumba. "Aliniambia alichoambiwa, kaka. Mwache." Kisha akaongeza: "Lakini ningekuwa simwamini, ningepumzika. Hilo ndilo linaloniuma."

Kesho yake Bi Bima alikwenda ofisini. Mratibu wa mradi alikuwa dada mdogo kwake kwa umri, mpole, mwepesi wa kusalimia. Akamkaribisha kiti, akamletea maji.

"Joto letu linapimwa wapi?" Bi Bima aliuliza kabla ya kukaa.

"Uwanja wa ndege."

"Uwanja wa ndege! Kule kwenye nyasi na upepo? Kuna nani anayepigia pasi kule?"

"Ndicho kituo pekee chenye kumbukumbu za miaka mingi, mama. Bila kumbukumbu kampuni ya bima isingekubali."

"Na wewe ulijua."

Mratibu alitazama mikono yake. "Nilijua. Niliomba kipimo cha mtaani, wafadhili wakasema tuanze na kilichopo, maana tukisubiri ukamilifu hatutaanza kamwe. Nikakubaliana nao. Hata leo sijui kama nilikosea."

Bi Bima alikuja na maneno makali, kayapanga njia nzima. Lakini kiyoyozi kilikuwa kinampuliza shingoni, na kwa aibu kubwa aligundua kwamba hataki kuinuka. Alikaa pale, ubaridi ukimwingia, huku akimwazia mgonjwa wake kwenye wodi isiyo na hata feni. Ndipo machozi yakamtoka.

Malalamiko yake hayakupotea bure. Kipimo kililetwa, kikafungwa kwenye mlingoti karibu na bomba la maji, na watoto wakafukuzwa wasikirushie mawe. Simu zikaanza kuita. Ziliita siku hiyo, zikaita iliyofuata, karibu kila siku. Watu walishangilia, na waliokuwa wamejitoa wakataka kurudi. Bi Bima alitembea tena kichwa juu, ingawa nyumbani mumewe bado alikuwa akimjibu kwa neno moja moja.

Halafu mratibu akaja mwenyewe, akawakusanya wanawake. Kampuni imejitoa, aliwaambia. Bima ni ya jambo linaloweza kutokea au lisitokee. Kwa vipimo vya hapa, joto linapita kiwango karibu kila siku, na jambo la kila siku haliwekewi bima.

"Ngoja nielewe," alisema muuza maji. "Tulipokuwa hatulipwi, bima ilikuwepo. Tulipoanza kulipwa, imekwisha?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mratibu alisema shirika linatafuta njia nyingine, labda mapaa meupe, labda miti. Wanawake walimsikiliza kwa adabu, kisha wakarudi makazini kwa sababu mchana ulikuwa unapita.

Bi Bima alirudisha fulana ya shirika na kufungua tena cherehani yake. Pamoja na madobi wenzake wa wifi yake, alikwenda kumwomba mwenye nyumba ya wageni awape nafasi ya kupiga pasi alfajiri tu, kabla ya jua kupanda. Mwenye nyumba alikubali kwa mashuka machache. Mengine aliyapeleka kwa watu wenye mashine za umeme.

Wifi alipotoka hospitali alikuja kukaa kwa Bi Bima, akishona vifungo barazani kando ya cherehani. Waliongea mambo ya kawaida, chumvi, shule za watoto, majirani. Mpaka siku moja akasema, sindano mkononi:

"Nikipata nguvu narudi kwenye meza yangu."

"Daktari amekataza."

"Daktari atanilisha?"

Bi Bima alisimamisha cherehani. Jua lilikuwa limeshafika miguuni mwao. Wakainuka, wakaishika cherehani huku na huku, wakaisogeza ndani zaidi, karibu na ukuta.