Eiji Iliyokuwa Ikienda Loiyangalani

Wasike alikuwa ameshapita Kiamunyi juu ya pikipiki yake, moshi wa buluu umetanda nyuma yake kama mtu anayechoma matairi, na bado sauti ya mkewe ilikuwa inamfuata masikioni.

"Baba Maxwel, ukifika huko na urudi mzima, sitasema neno lingine mpaka nizikwe. Lakini ukirudia nusu njia, hiyo kitu inauzwa na unapanda lori pamoja na sisi. Umenisikia?"

Immaculate alikuwa amesimama mlangoni kule Kaptembwo, leso kiunoni, na aliyasema hayo kwa sauti ya juu, akayarudia, ili majirani wawe mashahidi. Wasike alikubali. Asubuhi hiyo angekubali lolote, bora lango lifunguliwe.

Alikuwa anaenda Loiyangalani. Huko ni juu kabisa, kando ya Ziwa Turkana, ambako watu husema upepo unaweza kuangusha mbuzi aliyeshiba. Hakuwa na ndugu huko, wala biashara. Baba yake alikuwa gadi wa reli, na utotoni walihamishwahamishwa, leo Njoro, kesho Molo, keshokutwa Rongai, kila steshoni shule mpya na mwalimu mpya wa kumchapa kwa kutojua yale ambayo mwalimu wa nyuma hakumfundisha. Akakua anajua kuanza safari kuliko anavyojua hesabu. Lakini kila mahali alipowahi kuishi palikuwa kando ya reli. Siku moja, akiwa mtu mzima anayebeba mizigo kiwandani Nakuru, alimuuliza dereva wa lori la samaki kama reli inafika Loiyangalani. Dereva alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu siku hiyo jina hilo lilimkaa kama mwiba wa unyayo.

Sasa alikuwa anaelekea miaka sabini, na Maxwel, kifungua mimba wake, alikuwa amewajengea wazazi nyumba ya mawe kwenye shamba la Kimilili na kuizungushia ua wa michongoma pande zote. Lori la kuhamisha vyombo lingekuja Jumamosi ya wiki ya pili. "Mzee atulie," Maxwel alisema kwenye simu, na wadogo zake wote wakaitikia kama wako kanisani. Atulie. Neno hilo Wasike alilichukia kuliko malaria.

Eiji yenyewe ni Yamaha AG, pikipiki ya injini ndogo iliyoundiwa watu wa mifugo. Vijana wa boda boda, waliozaliwa juu ya pikipiki za Boxer, wakiiona huuliza kama ni ya kusaga mahindi. Ina keria mbele na keria nyuma, stendi mbili, moja kila upande, na inakunywa oili pamoja na petroli, ndiyo maana inatoa moshi. Mbio haina. Lakini mahali pa mawe na matope inapanda taratibu kama punda aliyezoea njia ya kisima. Zamani maafisa wa mifugo wa serikali walizunguka nazo vijijini. Wasike aliipata kwenye mnada ikiwa imekufa, na fundi wake, Dalmas, akaifufua.

"Itakufikisha," Dalmas alimwambia akifuta mikono. "Lakini pistoni imechoka, mzee, na spea nimetafuta mpaka Nairobi nimekosa. Ukienda peke yako, pole pole, utafika hata mbinguni. Usibebe mtu mlimani na lile joto la huko chini. Inakamata, injini inaganda. Na ikikamata, safari imeisha."

"Nimbebe nani?" Wasike akamjibu. "Si hao watu ndio ninawakimbia?"

Kwa sababu ya vumbi alivaa dastikoti, koti refu la kijani alilotoka nalo kiwandani. Kwa sababu ya nyoka alivaa gambuti. Petroli ya akiba aliitia kwenye mtungi wa alumini wa maziwa, wenye kifuniko cha kukaza, akaufunga kwa mpira keria ya nyuma. Hakuwaza lolote zaidi ya safari. Lakini mtu yeyote mwenye ng'ombe upande wa Mogotio angekuambia ni nani huyo anayepita: ni daktari wa mifugo, na huo ni mtungi wake wa mbegu za fahali za kupandishia ng'ombe.

Polisi waliokuwa wakisimamisha pikipiki zote karibu na Mogotio walimpungia mkono tu. "Pita, daktari!" Wasike akapita. Mtu akikufungulia njia huanzi kumsomea kitambulisho.

Hapo akaacha lami na malori yake, akashika barabara ya vumbi ya Mugurin. Jua lilipopanda alisimama kwenye hoteli ya mabati ya mama mmoja anayeitwa Chesang, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili.

"Daktari! Karibu! Woi, tumekaa bila daktari tangu mwaka jana. Huyu wetu Elphas pikipiki yake ilikufa, sasa anakaa Mogotio anatibu kwa simu. Mpe chumvi, mpe maji. Ng'ombe anatibiwa na simu kweli?"

Wasike alifungua mdomo aseme. Lakini chai ilikuwa imeshamiminwa, chai ya maziwa matupu, na chapati mbili juu ya kikombe, na tumbo lake halikuwa limeona kitu tangu nyumbani.

"Mimi napita tu, mathe," alisema. Huo ulikuwa ukweli.

"Pita ukiwa umeshiba. Daktari halipi hapa. Halafu niambie, ndama wangu anakohoa usiku. Ni nini?"

Wasike alitafuna, akafikiria. "Mlaze mahali hakuna upepo."

"Mmeona sasa?" Chesang akawageukia wateja wake. "Elphas angesema chumvi."

Wakacheka, na Wasike akacheka nao. Alipopiga kiki na kuondoka, hakumwona Chesang akitoa simu kwenye aproni.

Barabara ikaanza kuwa mbaya, na ubaya huo ukamfurahisha. Nyuma yake mashamba ya mkonge yalikuwa yamepotea. Mbele ilikuwa miiba na mawe mekundu. Marigat, Loruk, Churo, Maralal, Baragoi, aliyataja majina hayo ndani ya kelele ya injini kama mtu anayesali rozari. Alishuka korongo lililochimbwa na mvua, lenye mawe makubwa kama viti, mahali ambapo boda boda hugeuka na kurudi, na Eiji ikatoka upande wa pili ikikohoa lakini ikipanda. Ukaja mlima mrefu. Akaumaliza. Bado alikuwa anaipigapiga tangi kwa kiganja, kama anayempongeza mnyama, alipomwona kijana amesimama katikati ya barabara, mikono ameitandaza.

"Daktari, asante Mungu. Huku, huku."

"Huku wapi?"

"Kwa mama. Mtamba wetu anazaa tangu alfajiri. Miguu imetoka, kichwa hakionekani. Chesang amepiga simu akasema uko njiani."

"Kijana, mimi si daktari."

Kipkorir, ndilo jina la kijana huyo, aliitazama dastikoti. Akatazama gambuti. Akatazama mtungi.

"Kwa Chesang ulikuwa daktari."

"Kwa Chesang nilikuwa na njaa."

"Umekunywa chai ya daktari, mzee. Na ndama umetibu."

Wasike akamfuata.

Mtamba alikuwa amelala ubavu chini ya kivuli cha mgunga, ulimi nje, akitetemeka kila tumbo lilipokaza. Jepchumba, mamake Kipkorir, alikuwa amepiga magoti kichwani pake akimpepea kwa kipande cha katoni. Hakusalimia. Alisema tu, "Ni huyu peke yake amebaki. Wengine walienda na kiangazi," akasogea ampishe daktari.

Wasike alirudi kwenye Eiji. Akashusha mtungi, akazungusha kifuniko, akaufungua mbele yao. Harufu ya petroli ikawapiga usoni.

Jepchumba aliketi chini polepole. "Sasa kwa nini ulikubali kuitwa?"

Kipkorir alikuwa ameshampigia Elphas simu, sauti imewekwa juu. Elphas alikuwa tayari njiani. Boda boda ilikuwa imemfikisha kwa Chesang na ikagoma hapo, dereva hataki kusikia habari ya korongo. "Naanza kutembea," sauti ilisema. "Nitafika jioni."

Mtamba akaguna. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba jioni ni mbali.

Wasike alitazama barabara. Ilikuwa nyeupe, imenyooka kuelekea Ziwa Bogoria, na hakuna mtu aliyekuwa ameishika Eiji. Kipkorir aliyaona macho yake, akasogea kando kama bawabu wa hoteli kubwa.

"Enda, mzee. Si ulisema unapita tu?"

Miguu ya Wasike ilikuwa inawasha, kama ilivyomuwasha kila alipoambiwa aketi. Kwenda chini kwa Chesang peke yake kulikuwa kitu kidogo. Shida ni kurudi. Mlima ule, jua lile, na mtu mzima mgongoni. Aliisikia sauti ya Dalmas waziwazi. Akauacha mtungi pale kivulini, apunguze uzito, akageuza pikipiki upande aliotoka.

Chesang alikuwa mlangoni alipofika. "Heh! Daktari amekuja kuchukua daktari?"

"Nicheke baadaye, mathe. Yuko wapi?"

Elphas alijitokeza barabarani na begi mbili. Alikuwa mtu mrefu, kifua kama kabati. Wasike alimpima kwa macho kuanzia viatu mpaka kofia.

"Kwa nini unaniangalia hivyo, mzee?"

"Basi tu. Panda."

Kwenye korongo Elphas alishuka, wakavuka kila mtu na jasho lake, kisha akapanda tena. Halafu ukaja mlima. Eiji iliushika kwa gia ya kwanza ikilia, moshi ukageuka mweusi, na katikati ya mlima Wasike akasikia harufu ya chuma kilichopata moto. Chini ya mlio wa kawaida ukaanza mlio mwingine, mwembamba, kama kijiko kinachokwaruza sufuria. Alijua ni nini. Angesimama hapo, injini ipoe kivulini, ingepona.

"Tukisimama?" aliuliza, akigeuza kichwa.

"Mzee, kama miguu ilitoka alfajiri, saa hii tunashindana na kifo. Sijui, wewe ndiye dereva."

Wasike akaongeza mafuta.

Walikuwa wameshaliona paa la Jepchumba. Eiji ilipiga kelele moja kali, gurudumu la nyuma likaganda, wakateleza wote wawili mpaka kwenye miiba. Elphas aliinuka, akaokota begi zake akakimbia bila kujipangusa. Wasike alibaki. Alipoweka mguu kwenye kiki, kiki haikusogea. Alijaribu tena kwa uzito wote. Ilikuwa kama kukanyaga jiwe.

Akaketi kando yake. Kutoka bomani alisikia sauti ya Elphas ikiamuru, "Vuta! Ngoja! Sasa vuta!" na Kipkorir akihema, na Jepchumba akimwita Mungu kwa Kikalenjin. Ilichukua muda mrefu. Wasike hakukaa kitako muda wote huo. Alisimama, akaizunguka pikipiki, akaketi, akasimama tena, akatembea mpaka mahali mlima ulipoisha akaangalia kaskazini, akarudi.

Alipowafikia hatimaye akisukuma Eiji bila gia, mtamba alikuwa amesimama, miguu inayumba. Ndama, aliyetoka amekufa, alikuwa amefunikwa gunia. Elphas alikuwa akinawa mikono mpaka mabegani.

Jepchumba alimletea mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu.

"Hii ni ya daktari?" Wasike akauliza.

"Daktari amekunywa. Hii ni ya mwenye pikipiki."

Akanywa. Simu yake ikalia. Ilikuwa Immaculate.

"Umefika wapi?"

"Mbele ya Mogotio kidogo."

"Mogotio hii ya hapa?"

"Hiyo."

Alingoja matusi. Akasikia kicheko, kirefu, cha mtu anayejifuta machozi, kisha kikakatika. "Umeumia?"

"Pikipiki imekamata."

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi ni miiba tu."

"Haya. Makubaliano ni makubaliano, Baba Maxwel."

"Najua."

Mtamba aliishi. Mwaka uliofuata alizaa ndama jike, na Jepchumba anampelekea Chesang maziwa. Kipkorir aliondoka akaenda Eldama Ravine, anafanya kazi ya kuchomelea milango. Chesang alipanua hoteli, akapaka rangi.

Eiji iliuzwa, kama walivyokubaliana. Aliyeinunua ni Elphas, na ilikaa ukutani kwake mpaka Dalmas akapata pistoni kwenye pikipiki nyingine iliyokufa kule Olenguruone. Sasa inazunguka Mugurin na kurudi. Elphas hubeba mgonjwa au mwalimu akimkuta njiani, na inakubali.

Immaculate anaishi Kimilili, anafuga kuku. Maxwel huja Krismasi. Wasike alipanda lori Jumamosi ile, akakaa mbele na dereva. Yuko Kimilili pia. Siku za soko hutembea kwa miguu mpaka Chwele na kurudi, ingawa hana cha kuuza wala cha kununua. Goti la kushoto linamsumbua. Loiyangalani hajafika.