Uhakiki wa Mchezo wa Dada

Mhariri ndiye aliyepeleka makala ile mashindanoni, bila kumuuliza mwenyewe aliyeiandika. Mwandishi wa safu ya sanaa alipoambiwa ameshinda tuzo ya uhakiki, alishukuru. Alipoambiwa ni kwa makala ipi, alitamani kuirudisha.

Ilikuwa ile ya mchezo wa dada yake. Dada mtu aliigiza jukwaani tangu usichana, na ndiye aliyemlea mdogo wake mama yao alipofariki. Makala ilipotoka, watazamaji walipungua mpaka kikundi kikavunjika. Dada hakugomba. Alisema tu, "Umefanya kazi yako," akaanza kushona mapazia ya watu.

"Iondoe, bosi," mwandishi aliomba.

"Niondoe makala iliyoshinda? Majaji wameshaamua. Vaa vizuri uje."

Nyumbani aliificha habari ya tuzo, lakini redio ikamuumbua. Siku ya siku dada akatoka chumbani amevaa gauni lake la jukwaani, limenyooshwa kwa pasi. "Mdogo wangu apewe tuzo, mimi nisiwepo?"

Ukumbini mwandishi alimfuata mshereheshaji nyuma ya pazia, akamsihi asisome hata kipande cha makala.

"Samahani, ratiba imeshapangwa," alijibiwa kwa tabasamu.

Akarudi kuketi, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri sindano.

Kipaza sauti kikaanza: "Mwigizaji mkuu analia sana, ila macho yake yako mlangoni, kama mwenye duka anayengoja wateja." Watu wakaangua kicheko, kisha makofi. Dada naye akapiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wote.

Mwandishi alipanda, akakabidhiwa ngao ya kioo. Alikusudia kusema neno juu ya dada yake. Akaambulia "asanteni" na kushuka.

Ndani ya teksi dada aliipakata ngao isije ikavunjika.

"Uliona hivyo kweli," akauliza, "au uliandika ili wacheke?"

Uongo mdogo tu ungetosha. Haukuja. "Niliona hivyo, dada."

"Basi uliona sawa. Nilikuwa nakungoja wewe. Ulisema utakuja, na kiti chako kilikuwa kitupu."

"Nilichelewa. Nilikaa nyuma kabisa, gizani."

"Ningejuaje?" dada alisema, bila hasira.

Wakafika nyumbani. Dada aliiweka ngao juu ya kabati la vyombo, akaifuta alama za vidole. Tangu hapo kila mgeni anayeingia huonyeshwa na dada ngao ile na kusomewa maandishi yaliyo juu yake, na mdogo mtu hukaa pale pale, akisikiliza.