Mzee Chiem Anarudi Mara Mbili

Faam alikuwa anasuuza majani ya haradali ya kuchachusha kwenye mtungi, Ijumaa asubuhi, alipomwona baba yake akipanda njia ya kijiji na mkoba begani. Walikuwa wamemzika Jumanne. Alitembea vizuri kuliko alivyotembea mwaka mzima uliopita, ila viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu, na huku mlimani udongo ni mweusi.

Akamwekea kigoda na bakuli la wali. Mzee Chiem Saefong akala kwanza, kama kawaida yake, ndipo akaeleza. Alikuwa amepelekwa kwa watu wengine. Mizimu iliyompokea ng'ambo ilikuwa ya ukoo wa Saechao, watu wapole kabisa, wakampa chai na pa kulala, lakini hakuna aliyemjua, na mchana kutwa walicheza karata kwa sheria zao wenyewe. Alivumilia siku mbili kwa heshima, ya tatu akaaga.

"San amesoma vibaya," alisema. "Jina la babu wa tano amelipandisha sauti pale linaposhuka. Daraja la kunivusha likapinda."

San alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Faam, dereva wa pikapu ya kabichi, na tangu Jumanne ndiye mtambikaji wa kijiji. Mzee Chiem, aliyeishika kazi hiyo miaka arobaini, hakuzaa mtoto wa kiume. San alikuwa ametundikiwa taa tatu utotoni, kama wanavyofanyiwa wanaume wanaoruhusiwa kusimama mbele ya madhabahu. Kitabu cha ukoo kimeandikwa kwa herufi za Kichina na husomwa kwa kuimbwa, kila jina na mwendo wake. Mzee alimfundisha kwa misimu mitatu ya mvua. San alikuwa mtu mwema sana, ila alikuwa akisinzia.

Alipoitwa alimsalimu marehemu kwa mikono miwili na kuomba radhi. "Zile herufi zinafanana kama vifaranga, baba mkubwa," alisema. "Ukigeuka tu, hujui yupi ni yupi."

Jumamosi wakarudia. Nguruwe alichinjwa, picha kumi na nane za miungu zikatundikwa ukutani, kitambaa cheupe kikatandikwa toka madhabahuni hadi mlango mkubwa, kiwe daraja. San akaimba. Mzee Chiem akakanyaga kitambaa, akaaga watu mmoja mmoja, akaondoka. Jumapili kabla ya chakula cha mchana alikuwa amerudi. Safari hii alikuwa amepelekwa kwa watu ambao hawajazaliwa bado.

"Kelele tupu," alimwambia Faam. "Kila mmoja anauliza saa ngapi."

Faam alicheka, kisha akaacha. Baba yake alikuwa ameketi mbele ya rafu ya mitungi, na mitungi yote ilionekana kupitia kifuani pake, hata ule wenye ufa. Kila mtu kijijini alijua maana yake. Marehemu asiyewafikia watu wake kufikia siku ya saba hufifia mpaka anakwisha, na jina lake hujifuta lenyewe kitabuni. Siku ya saba ilikuwa Jumatatu. Mzee mwenyewe hakulizungumzia. Aliomba supu zaidi, na aliposhika bakuli ilibidi alishike mara mbili.

Jumatatu walichinja nguruwe wa mwisho waliyekuwa naye. San hakuwa amelala. Alikuwa amekesha na kitabu, akinywa kahawa ya paketi, na macho yalimwiva. Aliimba majina manne ya kwanza bila kosa. Kwenye la tano akasita, akaanza kulipandisha.

Jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao, Faam alikuwa anakata tangawizi. Akaliimba jina hilo kama lilivyo, likishuka, bila kuinua kichwa.

San akanyamaza. Faam akaendelea na la sita, la saba, la nane, na la tisa ambalo ni refu na lina kona mbili. Mlango wa nyuma, ule wa kutolea majivu, ukafunguka, na mababu wa ukoo wa Saefong wakaingia vizazi tisa, wakakaa kati ya masufuria. Madhabahuni hakwenda hata mmoja. Sebuleni, miungu kumi na wanane wakageuza shingo kwenye picha zao, wakaelekea jikoni, na hadi leo wameelekea huko.

Mzee Chiem aliwasalimu wote kwa majina, kisha akamtazama bintiye. "Ulijifunza lini?"

"Ulipokuwa unamfundisha San, baba. Mimi nilikuwa namenya machipukizi ya mianzi."

Hapo Mzee Kae, mkuu wa wazee, akaja mlangoni mwa jikoni, akiinama ili asimkanyage babu wa pili. Alisema sauti ilikuwa nzuri na hana ubaya na Faam. Aliomba tu aonyeshwe taa aliyotundikiwa. Mwanamke hasomi mbele ya madhabahu. Ndivyo ilivyo, na si yeye aliyeipanga. San alisema kwa sauti ndogo kwamba kwa upande wake angefurahi kurudi kwenye kabichi. Babu wa tisa aliuliza kama supu imebaki.

"Baba," Faam alisema, "waambie."

Mzee Chiem alitazama miguu yake, ambayo haikuwepo tena chini ya magoti. Miaka arobaini neno lake lilikuwa likisikilizwa katika nyumba ile. "Mimi nimeshakufa, mwanangu," alisema. "Mambo ya kijiji ni ya walio hai." Akafikiri kidogo. "Lakini wewe soma. San atasimama mbele."

Faam alingoja, kana kwamba maneno hayo yalikuwa na mwisho mwingine. Hayakuwa nao. Mapaja ya baba yake yalikuwa yameanza kupotea.

Akasoma. Alisoma kitabu kizima kwa kichwa, kisu kikiwa bado mkononi, wakati San amesimama mbele ya madhabahu akifungua na kufunga mdomo. Baba yake alirudiwa na miguu, akafunga mkoba, akamgusa binti yake begani, akatoka na watu wake kwa mlango wa majivu. Hakurudi tena. Faam alilia juu ya vitunguu ambavyo alikuwa hajavikata.

Kwenye daftari la kijiji Mzee Kae aliandika kwamba marehemu amevushwa na San Saefong. San alipinga; akaambiwa ndivyo linavyojazwa.

Sifa za San zilienea hadi mabonde ya jirani. Siku hizi San anaitwa kila mahali, na kila mahali anakwenda na dada yake Faam kwenye pikapu, na kabla hajavaa joho anauliza kwanza jikoni ni wapi. Paja la nguruwe analopewa hulikata nusu, nusu akampelekea Faam, akilikabidhi huku anatazama pembeni. Jioni wasichana wanne humjia Faam kumsaidia kumenya machipukizi ya mianzi, na kazi hiyo, ambayo zamani ilikuwa ya nusu saa, sasa huchukua jioni nzima.

Marehemu wote wanafika. Na kila anayejenga nyumba kijijini anaacha tundu kwenye ukuta kati ya jikoni na madhabahu. Mzee Kae hupita mwenyewe kulikagua: sauti ipite, kichwa kisipite.